Spreyi ya dubu si dawa ya mbu

Kila msimu ni yale yale. Wageni wanafika Cody, mji mdogo wa jimbo la Wyoming, Marekani, tunakoanzia safari za hifadhi ya taifa ya Yellowstone, wananunua spreyi ya dubu, ile ya kumpulizia dubu anayekujia, kisha wananiuliza waanze kujipulizia wapi, mikononi au miguuni.

Popote pale, usijipulizie! Koponi mna pilipili kali iliyokolezwa. Ukijipulizia utalia wewe, dubu yuko pale pale. Wapo pia wanaopulizia hema na mabegi. Hao ndio wananimaliza kabisa, maana mabaki yakishatua chini harufu yake humvuta dubu. Alaska dubu wameonekana wakijisugua juu ya mabaki hayo.

Kopo likae kiunoni. Dubu hutimua mbio zaidi ya kilomita 50 kwa saa, nani atakusubiri ufungue zipu ya begi? Akikujia, chomoa kibanio cha usalama, lenga mbele yake, chini kidogo, na uanze kupuliza akiwa kama mita 18, ili alikute wingu la pilipili njiani. Usiliache kopo ndani ya gari juani, na usihangaike kulipandisha ndege, watakunyang'anya.

Bora zaidi, pigeni soga kwa sauti njia nzima. Dubu akiwasikia mapema hujiondokea mwenyewe. Vile vikengele vya kufunga begini sivitaki kwenye kundi langu. Havisikiki mbali na vinaudhi.

Halafu kuna wanaosema "baisani ni ng'ombe tu," yaani yule nyati wa Marekani. Ng'ombe gani wa kilo 900 anayekushinda mbio? Yellowstone hakuna mnyama aliyejeruhi watu wengi kumzidi. Mtu aliyekulia Narok, ambaye hathubutu kumsogelea nyati, hapa anataka selfi! Kaa angalau mita 23 kutoka kwa baisani. Kwa dubu na mbwamwitu, angalau mita 91.

Eti kauboi wote walikuwa Wazungu? Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na ufundi wa kamba na farasi ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Wala Buffalo Bill, yule mwenye maonyesho maarufu ya kauboi, na wenzake hawakukuta pori tupu walipouanzisha mji huu miaka ya 1890. Wacrow na Washoshone, wenyeji asilia wa Marekani, walikuwapo zamani.

La mwisho: Yellowstone haiko nyuma ya hoteli. Hadi lango la mashariki ni zaidi ya kilomita 80, na lango hilo hufungwa kwa magari kuanzia Novemba hadi mapema Mei. Mnaopanga likizo ya Desemba, niulizeni kabla ya kukata tiketi.