Kutibiwa akili hakukufanyi mhalifu: sheria ya silaha Marekani inavyosema

Tangu wapiga kura wa jimbo la Maine walipopitisha Novemba 2025 sheria mpya inayomruhusu ndugu kuiomba mahakama imwondolee mtu silaha kwa muda, maswali ya Waswahili tunaoishi Marekani yameongezeka mezani kwetu. Mama anaogopa kumpeleka kijana wake kwa mshauri nasaha. Baba aliyepoteza usingizi tangu Kivu hataki kumtajia daktari ndoto zake. Hofu yao ni moja: "Nitaandikwa kichaa serikalini." Ninaandika kama mtumishi wa afya ya jamii. Mwenye kesi yake aende kwa wakili. Lakini hofu hii inawanyima watu matibabu, kwa hiyo lazima niiseme wazi.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza kumiliki silaha mtu ambaye mahakama, au chombo kingine chenye mamlaka ya kisheria, kimeamua kwamba ni hatari kwake au kwa wengine kwa sababu ya maradhi ya akili, au aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri. Kwa amri. Aliyekwenda mwenyewe, au anayemeza dawa za sonona kila asubuhi, hamo. Baadhi ya majimbo yameongeza masharti yao, hata juu ya waliolazwa kwa hiari, basi ulizia jimboni kwako.

Sasa utaratibu wenyewe. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza Fomu 4473: jina, anwani, uraia au hadhi ya uhamiaji, kisha maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Unatumia dawa za kulevya, bangi ikiwamo hata kama jimbo lako limeihalalisha? Uko chini ya amri ya mahakama ya ukatili wa nyumbani? Muuzaji hupeleka taarifa kwenye mfumo wa kuchunguza wanunuzi ulioanza mwaka 1998, unaoendeshwa na FBI, yaani polisi wa upelelezi wa shirikisho, na hujibiwa aendelee, asubiri au akatae. Akiambiwa asubiri, zikapita siku 3 za kazi bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu kukabidhi bunduki. Kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, tangu mwaka 2022 uchunguzi unaweza kufika siku 10 za kazi. Kudanganya kwenye fomu ni kifungo cha hadi miaka 10. Kumnunulia mtu mwingine huku ukijua haruhusiwi, ni hadi 15, hata akiwa binamu yako aliyekuomba kwa wema. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye grini kadi wanaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kuondolewa nchini.

Kuna la pili ambalo nalisikia kila baada ya mauaji ya halaiki: "Yule ni kichaa, tatizo ni vichaa." Hapana. Mwaka 2022 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Aliyezama kwenye huzuni akiwa na bastola chini ya mto wa kitanda, wa kwanza kuhatarishwa ni yeye. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, na kuwanyooshea kidole kunawafanya wajifiche.

Tazameni Lewiston, mji wa Maine ambao wenzetu wengi kutoka Kongo na Somalia wameufanya nyumbani. Tarehe 25 Oktoba 2023 askari wa akiba aliua watu 18 kwenye ukumbi wa boling na kwenye baa. Mwanawe na mkewe wa zamani walikuwa wamewaeleza polisi wa kaunti wasiwasi wao juu yake tangu Mei. Julai alilazwa wiki mbili hospitali ya akili. Septemba askari mwenzake akaonya kwamba anaweza kuua watu wengi. Polisi wakaenda kwake, wakabisha hodi, hakufungua, wakaondoka. Tume huru iliyochunguza ilisema mwaka 2024 kwamba polisi walikuwa na sababu za kutosha kuitumia sheria ya jimbo ya kumwondolea silaha kwa muda.

Sheria ile, inayoitwa bendera ya njano, iliwapa polisi peke yao mlango wa kuingilia, tena baada ya kumshika mtu na kumpima kwa mtaalamu wa afya. Familia ilijua, lakini haikuwa na njia ya kwenda kwa hakimu. Ndilo pengo ambalo sheria ya 2025, bendera nyekundu, imeliziba: ndugu au mtu wa nyumba moja anaweza kuiomba mahakama mwenyewe. Majimbo zaidi ya 20 yana sheria za aina hii. Connecticut ilitangulia mwaka 1999.

Hakimu hataki kusikia kwamba mjomba ni mgonjwa. Hoja hiyo naomba tuiache. Anataka vitendo: alisema nini, siku gani, mbele ya nani, ujumbe wa simu alioutuma, ana bunduki ngapi na ziko wapi. Andikeni mapema, mkiwa bado mnakumbuka. Huko Maine amri ikitolewa hukaa hadi mwaka mmoja, si hukumu ya jinai, na mhusika ana haki ya kusikilizwa. Anayeapa uongo ili kumkomoa ndugu anatenda kosa.

Mtu akitaja kujiua, pigeni 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, usiku au mchana, muombe mkalimani wa Kiswahili. Hatari ikiwa ya papo hapo, pigeni 911, simu ya dharura.

Na bunduki ya nyumbani ifungwe. Huko Michigan, mwanafunzi wa miaka 15 aliua wenzake 4 shuleni mwaka 2021 kwa bastola aliyonunuliwa siku 4 kabla. Mwaka 2024 baba na mama kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Vituo vingi vya polisi hugawa kufuli za waya bila malipo. Risasi ziwekwe kasha lake, na ufunguo usikae juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anapajua.