Kengele haimwokoi bondia

Mwanafunzi akiulizwa swali gumu, kipindi kikaisha kabla hajajibu, Mwingereza atasema "saved by the bell": kaokolewa na kengele. Sisi tungesema kaponea chupuchupu. Mtandaoni inasambaa hadithi kwamba msemo huo ulitoka makaburini, eti maiti alifungwa kamba iliyoshikana na kengele juu ya kaburi, ili akizinduka aivute. Majeneza ya aina hiyo yalibuniwa kweli. Franz Vester wa Newark, Marekani, alipata hataza ya jeneza lenye kengele mwaka 1868. Lakini msemo si wa makaburini. Ni wa kwetu, ulingoni.

Mimi ni refa wa ngumi, niacheni nijivune kidogo. Kabla ya kanuni za Queensberry za 1867, raundi haikupimwa kwa dakika. Ilikwisha mtu alipoanguka. Alipumzika sekunde 30, kisha akapewa 8 za kurudi katikati. Kengele ya nini hapo? Kanuni mpya zikaleta raundi ya dakika tatu, mapumziko ya dakika moja na sekunde 10 za kuinuka, na mwanya ukapatikana. Bondia yuko chini, refa kafika saba, mara kengele inalia na hesabu inakatika. Wasaidizi wanamkokota hadi kona, wanammwagia maji, na baada ya dakika moja huyo amesimama tena, eti mzima.

Mwanya huo sasa umezibwa karibu kote. Kanuni za pamoja za tume za ngumi za Marekani zinasema kengele haimwokoi bondia katika raundi yoyote, hata ya mwisho. Hesabu inaendelea. Afadhali, maana kichwa kilichotikisika hakiponi kwa kengele.

Tazameni pambano la Meldrick Taylor na Julio César Chávez, Las Vegas, Machi 17, 1990. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa Taylor uongozi. Raundi ya 12, ya mwisho, Chávez akamwangusha. Taylor akainuka. Refa Richard Steele akahesabu hadi nane, akamuuliza kama yuko sawa, akarudia. Taylor kimya, anatazama kona yake. Steele akapunga mikono, pambano likaisha. Zilibaki sekunde 2.

Steele analaumiwa hadi leo kwa kutosubiri kengele. Mimi ningelisimamisha vilevile. Bondia aliyetoka kuhesabiwa, akaulizwa mara mbili asijibu, simrudishi kwenye ngumi za Chávez hata kwa sekunde moja.