Toasted ravioli ni nini?

Jina linapotosha. "Toasted" ni kitu kilichokaushwa kwa moto bila mafuta, kama tosti ya asubuhi, lakini ravioli hizi, yaani vifuko vya tambi za Kiitalia vilivyojazwa nyama, hutumbukizwa kwenye karai la mafuta. Ni chakula cha The Hill, yaani Kilima, mtaa wa Waitalia wa St. Louis, Marekani, ulio karibu na sehemu ya juu kabisa ya jiji hilo.

Chini ya mtaa palikuwa na udongo wa mfinyanzi. Mwishoni mwa karne ya 19, machimbo na viwanda vya matofali vilivuta vibarua kutoka Lombardia, kisha Sicilia. Wapenzi wa kandanda wana deni hapa: timu ya Marekani iliyoifunga Uingereza 1-0 kwenye Kombe la Dunia la 1950 ilikuwa na wachezaji wanne wa The Hill, kipa Frank Borghi akiwemo.

Ravioli za kukaanga zilishika huko miaka ya 1940. Migahawa kadhaa inagombea uanzilishi, na simulizi maarufu ni ya mpishi aliyezidondosha kwenye mafuta badala ya maji.

Ravioli yenyewe ni kifuko cha mraba cha unga na mayai, kilichojazwa nyama ya kusaga iliyoiva. Nyama ikaushwe mchuzi wote, maana unyevu ukigeuka mvuke hupasua kifuko. Kingo zibanwe kama za sambusa, hewa itoke kwanza. Chovya kwenye yai lililopigwa na maziwa, garagaza kwenye chenga za mkate, kisha weka kwenye friji nusu saa. Ukiruka hapo, chenga hubaki karaini na kuungua. Mafuta yawe na nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Kaanga sita au nane kwa mara moja, dakika 2 hadi 3, zipate rangi ya dhahabu. Ukijaza karai, moto hushuka na ravioli hunywa mafuta.

Nyunyiza jibini ya Parmesan zikiwa bado za moto. Mchuzi wa nyanya ukae pembeni kwenye kibakuli cha kuchovyea, kwa sababu ukiumwagia juu, ganda hulainika kabla sahani haijafika mezani. Huliwa kwa mkono, kabla ya chakula chenyewe. Subiri dakika moja au mbili: ganda hupoa upesi, nyama ya ndani bado inaunguza ulimi.