Mtaro wa TARURA, Taka za Halmashauri: Diwani Wako Anasimamia Nini Hasa?

Kila tunapokaa na wananchi kwenye mikutano ya mitaa jijini Dar es Salaam, swali moja haliachi kuulizwa: ikiwa mtaro si wa diwani, daladala si ya diwani, na kodi ya jengo haikusanywi na diwani, tulimpigia kura akafanye kazi gani? Ni swali la haki kabisa. Mara nyingi anayeuliza ameshazungushwa. Ofisi ya mtaa imemtuma kata, kata imemtuma halmashauri, na halmashauri imemwambia suala lake ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Anarudi nyumbani nauli imekwisha na maji bado yako sebuleni.

Kuzungushwa huko kuna historia yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ilizipa halmashauri za miji majukumu mengi, lakini miaka ya karibuni baadhi yamehamishwa. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016. Barabara za mitaani, pamoja na mitaro yake, zikaenda TARURA mwaka 2017. Leseni, ruti na nauli za daladala ziko LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na mabasi ya mwendokasi yana wakala wake, DART. Barabara kuu kama ya Morogoro na ya Kilwa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Hata ile Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa Februari 2021. Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ikabaki na baraza lake. Mto Msimbazi wenyewe hauitambui mipaka hiyo. Unatoka vilima vya Pugu, unapita kwenye eneo la zaidi ya halmashauri moja, na kumwaga maji baharini pale Daraja la Salenda.

Kilichobaki mikononi mwa baraza la madiwani ni kuhoji, na kuhoji ni kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Baraza hukutana kila robo mwaka, na kabla yake kamati za kudumu hukaa, ile ya Fedha kila mwezi, na ile ya Mipango Miji na Mazingira kila robo. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza, kwa hiyo hana pa kukimbilia anapoulizwa. Meneja wa TARURA wa wilaya huitwa kutoa taarifa. Kila diwani huwasilisha taarifa ya kata yake kwa maandishi. Na vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari; ukienda utakaa na kusikiliza, ingawa huruhusiwi kuchangia. Nasikitika kusema viti hivyo vya wananchi mara nyingi huwa vitupu.

Hiyo taarifa ya kata ndiyo karatasi ninayotaka kila mkazi aijue. Kama mtaro wenu uliozibwa haumo humo, basi mbele ya baraza mtaro huo haujawahi kuzibwa.

Tuchukue mafuriko, kwa kuwa ndiyo yanayotuumiza zaidi. Desemba 2011 mvua ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na kaya nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo, karibu kila mvua kubwa inaponyesha, Jangwani hufungwa, Barabara ya Morogoro hukatika na mabasi ya mwendokasi husimama. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umelenga kujenga daraja jipya la Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi kutoka bondeni na kuwalipa fidia wakazi wa maeneo hatarishi. Hayo ni ya Serikali Kuu. Lakini maji yanayoingia ndani ya nyumba za Tandale, Kigogo au Vingunguti yana visababishi vingine vilivyo karibu zaidi, na hapo halmashauri haina udhuru.

Angalia karavati moja la kawaida la uswahilini. Mdomo wake umejaa chupa za plastiki, pampasi na vipande vya salfeti. Chini kuna mchanga uliokokotwa kutoka juu, ambako watu wanachimba mchanga mtoni kwa ajili ya kuuza. Hatua chache pembeni, mtu amejenga ukuta wa uzio hadi juu ya mtaro, na maji yaliyokuwa na njia ya mita moja sasa yana upenyo wa mkono. Mvua ikianza kuchapa, jirani anafungua choo chake kitapike, na uchafu wote unateremka kwa majirani wa chini.

Karavati lile ni la TARURA. Taka zilizolijaza ni za halmashauri, kwa sababu uzoaji wa taka haujahamishwa kwenda kokote. Mzoa taka wa kata ana mkataba na halmashauri. Ukuta ni wa idara ya mipango miji, ambayo ndiyo hutoa vibali vya ujenzi. Choo kinachotapishwa ni cha afisa afya wa kata. Mchanga unaochimbwa mtoni unahusu Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Na kama ujenzi uko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshaukataza. Mnachokiita mafuriko, kwa macho ya ofisi, ni malalamiko matano, na yote matano yakipelekwa kama moja, kila ofisi itaona ni ya mwenzake.

Kwa hiyo badala ya kumwandikia diwani kwamba mnaomba mtatuliwe tatizo la mafuriko, mwulizeni mambo yanayojibika. Mkataba wa mzoa taka wa kata yetu unasema apite mara ngapi kwa wiki, na nani hukagua kama amepita? Ukuta ule una kibali? Kama unacho, nani alikitoa? TARURA imetenga fedha za kusafisha mitaro ya kata hii kabla ya masika, au baada? Diwani akiingia na maswali ya namna hiyo kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, mkuu wa idara atalazimika kurudi na majibu kikao kijacho.

Ulizeni pia kuhusu kamati ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hizo ziwepo hadi ngazi ya mtaa. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu mapema. Kamati ya mtaa wenu ilikaa lini mara ya mwisho? Wazee na wenye ulemavu wanaoishi bondeni wameorodheshwa? Maji yakija usiku, shule gani itafunguliwa, na funguo ziko kwa nani?

Kwenye kodi ya jengo mambo ni mafupi zaidi, ila wengi wanapoteza haki yao. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa malipo ya kabla. Julai 2023 ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kutoka 5,000 hadi 7,500 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Sheria inasamehe nyumba moja anayoishi mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 asiye na kipato, na vilevile ya mwenye ulemavu asiye na kipato. Nyumba ya pili ya kupangisha haimo. Tatizo ni kwamba mita ya umeme haijui umri wa mtu, kwa hiyo bibi wa miaka 74 anayenunua umeme wa shilingi 2,000 atakatwa kama wengine mpaka aende akajieleze. Anapaswa kuanza na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha umri na makazi yake, kisha aipeleke TRA pamoja na kitambulisho na namba ya mita. Mwenye nyumba moja yenye mita kadhaa, akiona kila mita inakatwa, afuate njia hiyohiyo. Na mpangaji anayekatwa kodi ya mwenye nyumba wake ana haki ya kuelewana naye ipunguzwe kwenye pango.

Diwani hawezi kumsamehe mtu kodi. Anachoweza, na kwa maoni yangu anapaswa, ni kuwataka watendaji wa mitaa wawatafute wazee hao nyumba kwa nyumba, badala ya kungoja mgonjwa wa miguu apande daladala mbili kufuata haki ya shilingi 1,500.

Daladala nazo zina leseni yenye ruti, na kukatisha ruti ni kuvunja masharti ya leseni. Nauli mpya za LATRA zilipoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki na shilingi 200. Konda anayedai zaidi kwa sababu mvua inanyesha anavunja sheria. Andika namba ya gari, ruti, mahali na saa, upeleke LATRA au kwenye baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC. Halmashauri, kwa upande wake, ndiyo yenye stendi nyingi. Stendi isiyo na taa, choo wala paa, ilhali ushuru unakusanywa kila siku, ni hoja halali ya Kamati ya Fedha.

Hoja zote hizi zina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na rasimu ya bajeti huwa imeshapita barazani miezi kadhaa kabla. Anayengoja masika yaanze ndipo aombe mtaro, anauombea masika ya mwakani. Mtaro huo usemwe kwenye mkutano wa mtaa wa Oktoba au Novemba, uandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari huo uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe. Kabla hamjatawanyika siku hiyo, mwombeni mtendaji wa mtaa awasomee alichoandika.