Je, wajua kwa nini wapiga gitaa wa Hawaii hulegeza nyuzi?

Chukua gitaa kavu lililotyuniwa kwa kawaida, ucharaze nyuzi zote sita bila kubana hata mmoja. Utasikia E, A, D, G, B, E, sauti ambazo hazijapatana. Sasa legeza nyuzi tatu, kila mmoja ushuke kwa freti mbili (freti ni vyumba vya shingoni vinavyotengwa na vyuma): wa sita, ule mnene kabisa, hadi D, wa tano hadi G, wa kwanza hadi D. Charaza tena. Safari hii gitaa linatoa kodi nzima ya G, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana, na mkono wako wa kushoto haujagusa kitu.

Wenyeji wa Hawaii huuita upigaji huu kī hōʻalu, yaani kulegeza ufunguo, ule wa kukazia uzi kichwani mwa gitaa. Tyuni hiyo ya G wanaiita "shamba la magimbi". Naipenda sana hiyo, jina la chakula cha nyumbani kupewa sauti.

Gitaa lilifikaje huko? Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimpelekea Mfalme Kamehameha wa Kwanza ng'ombe. Mfalme akakataza wasichinjwe, nao wakazaliana hadi wakawa kero mashambani. Miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu akawaita wachunga ng'ombe kutoka Mexico waje kuwafundisha watu wake kuwadhibiti, na simulizi za visiwani zinasema magitaa yalikuja na wachungaji hao. Wenyeji wakayatyuni upya yafuate nyimbo zao. Kila ukoo ukawa na tyuni zake, na nyingine zilifichwa kama dawa ya ukoo. Ilipofika 1973, Keola Beamer, mpigaji wa huko, alitoa kitabu cha mafunzo ya mtindo huu.

Lakini kwa nini kulegeza? Jibu liko kwenye gumba. Katika mtindo huu mtu mmoja hufanya kazi ya bendi: gumba linapiga besi bila kukatika, vidole vingine vinaimba wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Katika tyuni ya kawaida lazima ubane kodi ili besi ipatane na wimbo, na vidole vikishabanwa hapo haviwezi kwenda mbali. Ukilegeza, besi inalia yenyewe. Gumba likipokezana uzi wa tano na wa nne, una G na D, basi mkono wa kushoto uko huru kupanda na kushuka shingoni. Waliowahi kumsikiliza Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyepiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, wanajua gumba lisilochoka linaweza kubeba nini.

Kodi ya pili nayo ni vidole viwili tu. Bana uzi wa tatu freti ya pili, na wa pili freti ya kwanza. Gumba lihamie uzi wa sita na wa nne. Hiyo ni D7, na kwa G na D7 tayari unaweza kusindikiza nyimbo nyingi.

Kuna jambo la fizikia pia. Uzi ukishushwa freti mbili, mkazo wake hupungua kwa takriban moja ya tano. Unakuwa laini chini ya kidole, hivyo ni rahisi kuugonga kwa kidole cha kushoto au kuuvuta unapouachia ili utoe noti ya pili bila kuudonoa tena, na huko ndiko utamu wa mtindo huu unakotoka. Hasara yake ni kwamba uzi uliotoka kulegezwa huteleza. Upige dakika chache, kisha uutyuni tena.

Anayeanza asikimbilie wimbo. Apige gumba peke yake, polepole, hadi aweze kuzungumza na mtu huku besi ikiendelea. Ndipo aongeze noti moja ya juu, pamoja na gumba kwanza, kisha katikati ya mapigo yake. Na mashine ya kutyuni si lazima. Uzi wa sita ufanane na wa nne, ila uwe wa chini. Wa tano ufanane na wa tatu vivyo hivyo. Wa kwanza ufanane na wa nne, ila uwe wa juu. Ukimaliza, gusa nyuzi zote kwa wepesi juu ya chuma cha freti ya 12, bila kuzibana, kisha uzicharaze. Zikilia kama kengele zilizopatana, umefika.