Kumtafutia beta wenzake katika tangi dogo, kwa maji ya Kigoma

Mwalimu mmoja anayeishi Gungu aliniita nyumbani kwake nimtazamie samaki wake, beta dume wa rangi ya buluu ambaye alimnunua Dar es Salaam na kumsafirisha hadi Kigoma ndani ya mfuko wa plastiki. Tangi lilikuwa la lita 30. Beta alikuwa amejibanza nyuma ya chujio, na mkia wake, ambao siku za mwanzo ulikuwa ukitandazika kama upande wa kanga, ulikuwa umebaki nyuzinyuzi: ngozi nyembamba inayounganisha miiba ya pezi ilikuwa imenyofolewa hadi karibu na shina, na ncha zilizobaki zilikuwa zimepauka. Upande wa pili, juu ya jiwe, walikuwapo samaki wawili wa rangi ya udongo wenye mikia iliyochongoka ncha mbili, ambao sikuhitaji kuwaangalia mara ya pili.

"Hawa nimewapata kwa vijana wa Katonga, mzee," akasema. "Nilimwonea huruma mwenzao kukaa peke yake."

Nimetunza samaki wa mapambo hapa Kigoma kwa miaka 16, wengi wao wakiwa wa ziwa letu, na huruma ya namna hiyo naikuta katika nyumba nyingi. Beta, ambaye jina lake la kitaalamu ni Betta splendens, asili yake ni Thailand, kwenye madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga yenye maji ya kina kifupi na majani mengi, na dume hulinda eneo lake dhidi ya dume mwingine yeyote. Watu wa huko walimfuga kwa ajili ya mapigano kwa vizazi vingi wakichagua wakali, kwa hiyo dume tunayemnunua leo ana ukali uliopaliliwa kwa makusudi. Akikaa peke yake hadhuriki kwa lolote. Anayetaka kumwekea wenzake afanye hivyo kwa sababu yeye mwenyewe anapenda kutazama tangi lenye pilikapilika, jambo ambalo si baya, ilimradi aanze na swali la maji kabla ya kufika kwenye swali la samaki.

Maji ya bomba ya mjini kwetu yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na pH (kipimo cha asidi ya maji, ambacho namba yake hupanda kadiri asidi inavyopungua) inayokaribia 9. Beta hustawi zaidi kwenye pH ya 6.5 hadi 7.5, ingawa wale waliozalishwa mabwawani huzoea hata 8 wakizoeshwa polepole. Tatizo kubwa zaidi, ambalo wauzaji hawalitaji, ni amonia, ile inayotoka mashavuni mwa samaki, kwenye kinyesi chao na kwenye chakula kilichooza. Ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine inayopenya mashavu na kuua, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wa sura hizo. Kwa nyuzijoto 25 na pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH ya 9 inapita theluthi moja. Maana yake ni kwamba idadi ileile ya samaki, katika tangi lilelile, kwa chakula kilekile, inaweza kuishi vizuri mahali penye maji laini na ikafa ndani ya wiki moja hapa Mwanga au Ujiji. Ushauri wa idadi ya samaki unaotolewa na watu wa nchi nyingine uupunguze kabla hujaufuata.

Mimi huchanganya nusu maji ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha na nusu maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo. Maji ya mvua matupu hayafai, kwa kuwa hayana madini ya kuituliza pH, nayo inaweza kuporomoka ghafla. Katika mchanganyiko huo natia jani moja au mawili makavu ya mti wa mkungu, ambayo wafugaji wa beta wa Asia huyatumia tangu zamani. Maji hugeuka rangi ya chai nyepesi na pH hushuka kidogo. Ndani ya maji matupu ya ziwa jani hilo hupaka rangi tu, kwa sababu madini yaliyomo yanaishinda nguvu asidi yake. Ondoa pia yale makombe makubwa ya konokono yanayookotwa ufukweni kwa ajili ya urembo, kwani yanayeyuka kidogokidogo na kuipandisha pH uliyohangaika kuishusha.

Baada ya hapo utaona mara moja kwa nini samaki wa Katonga hawakufaa. Wale walikuwa sikilidi, ukoo mmoja na sato na kuhe, wa aina ya Neolamprologus brichardi, wanaoishi miambani na kulinda watoto wao kwa ukoo mzima, kaka na dada wakubwa wakiwalinda wadogo. Wanataka maji yaleyale ambayo beta anayavumilia kwa shida, wanaogelea kwa kasi kumshinda, na pezi refu linalopepea mbele yao ni mgeni aliyeingia uani bila hodi. Sikilidi wetu wa kwenye makombe, ambao ni wadogo kiasi cha kumdanganya mtu, nao niliwahi kuwajaribu miaka yangu ya mwanzo. Sikurudia.

Samaki aitwaye gapi ni mtihani mwingine. Huyu anayapenda maji yetu yenye madini, anapatikana kwa bei nafuu, na kwa hesabu ya maji peke yake ndiye angekuwa chaguo la kwanza. Lakini dume wa gapi ana mkia mpana wenye rangi kali, na beta akiuona anatanua vifuniko vya mashavu yake na kumshambulia akidhani ni beta mwenzake. Jike naye huzaa karibu kila mwezi, na tangi la lita 40 halina pa kuwaweka watoto hao. Samaki wanaojulikana kwa kunyofoa mapezi, kama vile wale waitwao tiger barb, wenye mistari kama ya chui milia, usiwaweke kabisa. Madume wawili wa beta katika tangi moja hata sihitaji kueleza.

Kwa kipimo changu, tangi lisilofika lita 20 ni la beta peke yake. Kati ya 20 na 40 naruhusu konokono mmoja au wawili, ila wawe wamenunuliwa kwa mfugaji anayewazalisha. Usiwaokote mtoni wala kwenye madimbwi ya kando ya ziwa, kwa sababu konokono wa jamii za Biomphalaria na Bulinus hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono, huogelea majini na kupenya kwenye ngozi, na wewe ndiye utakayetumbukiza mkono humo kila wiki wakati wa kubadilisha maji.

Kuanzia lita 40, tangi likiwa limekwisha kufanya kazi wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaomeng'enya amonia wajijenge, ninayemchagua kwanza ni koridora mdogo, kambare wa Amerika ya Kusini asiyezidi sentimita 3 au 4. Anakaa chini wakati beta anakaa juu, rangi yake imepoa, hana mapezi ya kuchokoza, na anataka mchanga laini na wenzake wasiopungua 6. Ana sifa nyingine ambayo kwetu ni ya thamani: umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, beta hupanda juu kuvuta hewa kwa kiungo maalumu kilichomo kichwani, na koridora naye hupanda, akameza hewa na kuifyonza kupitia utumbo. Rasibora, samaki mdogo mwenye kabari nyeusi ubavuni, anaelewana na beta vizuri sana, lakini hana uwezo huo, na katika tangi lililojaa ndiye anayeanza kutweta. Nyumba isiyo na pampu ya betri nisingempeleka rasibora. Uduvi wadogo wa mapambo wanapendeza, ila beta wengi huwahesabu kuwa chakula.

Wageni waingie kwanza, na beta awe wa mwisho, ili asikute eneo ambalo amekwisha kulimiliki. Mwingize jioni, taa ikiwa imezimwa, kukiwa na mimea ya kutosha kukata macho kati yao, na siku 3 za mwanzo ukae ukitazama. Kutanua mashavu mara mojamoja ni majivuno tu. Kumfukuza mwenzake hadi akajibanza pembeni na kuacha kula ni sababu ya kuwatenganisha siku hiyohiyo, kwa hiyo ndoo ya akiba yenye maji yaleyale iwe tayari kabla hujaanza. Wapo beta ambao hawamtaki kiumbe yeyote, na tabia hiyo haionekani dukani.

Mwalimu aliuliza kama awarudishe wale wawili ziwani, maana ndiko walikotoka. Nilimkataza. Samaki aliyekaa maji mamoja na mgeni kutoka Asia anaweza kubeba ugonjwa ambao sikilidi wetu, wengi wao wasiopatikana ziwa lingine lolote duniani, hawajawahi kukutana nao. Niliwachukua kwenye ndoo nikapanda nao bodaboda, na sasa wamo katika tangi langu la mawe, peke yao. Beta amebaki Gungu na konokono mmoja, na utando mpya wa mkia umeanza kuota, mwangavu kama ganda la kitunguu.