Jinsia, Sheria na Maendeleo: Kinachosomwa Hasa Katika Shahada ya Uzamili

Wengi wanaoomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika jinsia, sheria na maendeleo huandika kwamba wanataka kupigania haki za wanawake. Nia hiyo ni njema, ila haijawa swali la utafiti. Kinachochunguzwa zaidi katika masomo haya ni njia ambayo haki iliyoandikwa katika sheria huipitia hadi imfikie mtu aliyekusudiwa, mahali inapokwama, na nani hunufaika inapokwama.

Upande wa maendeleo una historia yake. Mwaka 1970 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi sera za kikoloni na kilimo cha kisasa zilivyowapa wanaume mafunzo na zana, huku wanawake, ambao katika sehemu nyingi ndio waliokuwa wakilima, wakiachwa nyuma. Jibu la kwanza la mashirika ya maendeleo lilikuwa kuwaingiza wanawake katika miradi iliyokwisha kubuniwa. Baadaye wakosoaji walihoji kwamba kuongeza idadi ya wanawake hakubadilishi chochote iwapo umiliki, maamuzi na mgawanyo wa kazi zisizolipwa vinabaki vilevile. Hapo ndipo sheria inapoingia, kwa kuwa ndoa, mirathi, ardhi na ajira, ambamo mahusiano hayo hukaa, vyote hutawaliwa na sheria za bunge, za kimila au za dini, na mara nyingi kwa zote tatu kwa pamoja.

Mfano ninaoupendelea ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiliruhusu mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja zigawanywe wakati wa talaka, lakini mahakama zilikuwa zimetofautiana kuhusu kama kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Mahakama ya Rufani iliamua kuwa ni mchango. Hata hivyo, mrufani mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu majaji waliona kuwa alikwisha kutumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Mwanafunzi anayeishia kwenye kanuni atasema wanawake walishinda. Anayesoma hukumu hadi mwisho atajiuliza mwenendo wa mke hupimwa kwa kigezo gani, na kama wa mume nao hupimwa kwa kigezo hichohicho.

Mikataba ya kimataifa, hasa ule wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake wa mwaka 1979 na Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo ni ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, husomwa pia, na ni lazima ijulikane vizuri. Lakini tasnifu inayoorodhesha vifungu vyake na kuhitimisha kwamba serikali itekeleze sheria haijaongeza maarifa yoyote. Afadhali mtafiti akae katika ofisi ya ardhi na kuangalia nani huja kusajili, nani huitwa kutia saini, na nani hurudishwa kwa kukosa nyaraka. Fomu yenye nafasi ya jina moja tu la mmiliki inaweza kubatilisha kimyakimya kile ambacho bunge lilikipitisha kwa shangwe.

Kwa hiyo mbinu za utafiti hubeba uzito mkubwa kuliko waombaji wanavyotarajia. Aliyesomea sheria atalazimika kujifunza mahojiano na takwimu, na aliyetoka katika sosholojia au uchumi atajifunza kusoma hukumu. Wanaume nao wamo katika uchunguzi, kama warithi, waamuzi wa familia, watunga sheria na, wakati mwingine, waathirika. Wanaotaka kutafiti ukatili wa kijinsia wajue kuwa kibali cha kamati ya maadili si mhuri wa kupitia tu: mhojiwa anaweza kupigwa kwa sababu ya mahojiano yenyewe, hivyo faragha, namna ya kumfikia na mahali pa kumwelekeza akihitaji msaada hupangwa kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Kabla ya kukubali nafasi, mwombaji aulize kama chuo huruhusu usimamizi wa pamoja kutoka kitivo cha sheria na kile cha sayansi ya jamii. Tasnifu yenye msimamizi wa upande mmoja huelekea kuegemea upande huo, na udhaifu wa upande wa pili huja kuonekana kwa watahini, muda wa kuurekebisha ukiwa umebaki mdogo.